Namna ya Kufuatilia Mashindano ya Tenisi ya Wanawake kwenye Viwanja Vigumu vya Nje: Kuanzia Droo hadi Orodha Mpya ya Ubora

Watazamaji wengi wa tenisi huyaanza mashindano yanapofikia nusu fainali, wakati wamebaki wachezaji wanne na kila kituo cha runinga kinaonyesha mechi zao. Anayeanza hapo hukosa sehemu kubwa ya mashindano yenyewe, kwa sababu kwenye viwanja vigumu vya nje mambo mengi yanayomwamua bingwa hutokea mapema: katika upangaji wa droo (jedwali la nani atacheza na nani), katika joto la mchana wa raundi ya pili, katika mechi ya usiku iliyomalizika kwa kuchelewa, na katika sevu ya pili (mpigo wa kuanzisha pointi baada ya ule wa kwanza kukosa) iliyoanza kuyumba siku kadhaa kabla ya fainali. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua namna ya kuyafuatilia mashindano ya aina hiyo tangu yanapotangazwa, kwa mtu anayetazama kwa runinga au simu na kwa yule aliyeketi jukwaani.

Hatua ya kwanza: Tambua ngazi ya mashindano

Mashindano makubwa ya kulipwa ya wanawake yanasimamiwa na WTA, chama kilichoundwa mwaka 1973 kwa uongozi wa Billie Jean King, isipokuwa yale manne makubwa ya Grand Slam, ambayo yana waandaaji wake. Chini ya Grand Slam kuna ngazi za WTA 1000, WTA 500 na WTA 250, na nambari hizo ni idadi ya pointi anazopata bingwa. Bingwa wa Grand Slam hupata pointi 2000. Chini zaidi kuna WTA 125, ambako hupatikana wachezaji wanaopanda na wale wanaorejea kutoka kwenye majeraha.

Ngazi inakuambia mambo mawili ya haraka. La kwanza ni urefu wa safari. Katika mashindano ya WTA 250 yenye wachezaji 32, bingwa anahitaji kushinda mechi tano, kwa kawaida ndani ya wiki moja, na huenda akacheza siku tatu au nne mfululizo bila kupumzika. Katika Grand Slam yenye wachezaji 128 anahitaji mechi saba ndani ya wiki mbili, akiwa na siku ya mapumziko kati ya mechi nyingi. Baadhi ya mashindano ya WTA 1000, kama vile Indian Wells na Miami, yana wachezaji 96 na huendelea kwa takriban wiki mbili. La pili ni uzito wa majina yatakayojitokeza. Wachezaji bora wana wajibu wa kushiriki mashindano makubwa, ilhali WTA 250 mara nyingi huwaacha wazi wachezaji wa nafasi ya 30 hadi 80 duniani wapigane wenyewe kwa wenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anayejifunza kuutazama mchezo huu anapofaidika zaidi, kwa kuwa tofauti za uwezo ni ndogo na mbinu huonekana waziwazi.

Kalenda ya viwanja vigumu vya nje ina misimu yake. Mwaka huanzia Australia, ambako Australian Open huchezwa Melbourne mwezi Januari. Mwezi Februari wachezaji huelekea Doha na Dubai, na mwezi Machi huwa Marekani kwa ajili ya Indian Wells na Miami. Baada ya miezi ya viwanja vya udongo na nyasi, viwanja vigumu hurudi katikati ya mwaka kwa mashindano ya Kanada na Cincinnati, ambayo ni maandalizi ya US Open mjini New York, kisha msafara huhamia Asia, hasa Beijing na Wuhan. Mchezaji anayefika Melbourne ametoka mapumzikoni na anayefika Wuhan amebeba uchovu wa mwaka mzima, na tofauti hiyo inafaa kuwekwa akilini kabla hata droo haijatoka.

Hatua ya pili: Soma droo kabla ya mpira wa kwanza kupigwa

Droo hupangwa siku chache kabla ya mashindano kuanza, na mtu anayetaka kuelewa wiki nzima anapaswa kutenga nusu saa kuisoma. Anza na vinara, yaani wachezaji wanaotenganishwa kwa makusudi kulingana na nafasi zao za ubora ili wasikutane mapema. Kinara wa kwanza huwekwa juu kabisa ya droo na wa pili chini kabisa, hivyo hawawezi kukutana kabla ya fainali. Wa tatu na wa nne hugawanywa kwa kura, kila mmoja upande wake, na kwa sababu hiyo kuna bahati kubwa katika kujua nani atakayekutana na nani kwenye nusu fainali. Droo ya wachezaji 32 huwa na vinara wanane. Droo ya 96 na ile ya 128 huwa na vinara 32, lakini kwa tofauti moja muhimu: katika ile ya 96, vinara wote hupita raundi ya kwanza bila kucheza.

Kupita bila kucheza kunaonekana kama zawadi, na mara nyingi ndivyo kulivyo, ingawa kuna hatari ndani yake. Kinara anayeingia raundi ya pili hajapiga mpira wa ushindani kwenye uwanja huo, wakati mpinzani wake ameshacheza mechi moja, ameshazoea upepo, mdundo na mwanga, na huenda alipita pia kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi katika droo kuu. Ukitafuta mechi ambayo jina kubwa linaweza kuanguka, anzia hapo.

Baada ya vinara, tafuta alama zilizo kando ya majina. Wapo waliotoka kwenye mchujo, wapo waliopewa mwaliko maalumu na waandaaji, na wapo walioshindwa katika mchujo lakini wakaingizwa baada ya mtu kujitoa. Wapo pia wanaotumia nafasi ya ubora iliyolindwa, ambayo huwawezesha wachezaji waliokaa nje kwa jeraha refu au uzazi kuingia kwenye mashindano bila kuanza upya kabisa. Usiwapuuze watu hao. Mwaka 2009 Kim Clijsters, aliyekuwa amestaafu na kuzaa, aliingia US Open kwa mwaliko maalumu na kuondoka na kombe. Mwaka 2021 Emma Raducanu aliingia US Open hiyo hiyo kupitia mchujo, akashinda mechi kumi, tatu za mchujo na saba za droo kuu, bila kupoteza hata seti moja, na akawa mchezaji wa kwanza kutoka kwenye mchujo kushinda Grand Slam. Aliyetazama mechi za mchujo wiki ile alikuwa ameshaona jinsi alivyokuwa akizipokea sevu za wapinzani kabla dunia haijamjua.

Malizia kwa kuchagua robo moja ya droo, ile inayoonekana kuwa ngumu kutabiri, na uifuate kwa undani. Kufuatilia mechi zote 127 za droo ya Grand Slam hakuwezekani, na anayejaribu huishia kujua matokeo pekee.

Hatua ya tatu: Ufahamu uwanja wenyewe

Jina "uwanja mgumu" huwadanganya watu wakadhani kwamba viwanja hivyo vyote ni sawa. Chini kabisa kuna msingi wa lami au zege. Juu yake hupakwa tabaka za rangi ya akriliki iliyochanganywa na mchanga, na katika viwanja vingi vya mashindano makubwa huongezwa tabaka laini zenye chembe za mpira ili kupunguza mshtuko kwenye magoti na vifundo vya miguu. Kiasi cha mchanga na ukubwa wa chembe zake ndivyo vinavyoamua kasi ya uwanja. Mchanga ukiwa mwingi na mkali, uso hukwaruza mpira, huupunguzia kasi na kuuruhusu urukie juu. Ukiwa mchache na laini, mpira huteleza na kubaki chini.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, hupima kasi ya nyuso za viwanja na kuzigawa katika makundi matano. Uwanja wenye kipimo cha 29 au chini huitwa wa polepole, na wenye 45 au zaidi huitwa wa kasi. Viwanja vigumu vinaweza kuangukia sehemu yoyote ya kipimo hicho, hivyo mchezaji anayeng'ara kwenye uwanja mgumu wa mji mmoja anaweza kuonekana mgeni kabisa kwenye uwanja mgumu wa mji mwingine wiki inayofuata.

Indian Wells ni mfano unaopendwa na wachambuzi. Mashindano hayo huchezwa jangwani huko California, ambako hewa kavu huufanya mpira upae kwa kasi na kuwa mgumu kudhibitiwa, ilhali uso wa uwanja kwa miaka mingi umejulikana kwa ukali unaoupunguzia mpira kasi unapodunda na kuurusha juu. Mchezaji hukuta mpira unaowahi kufika kisha unaruka hadi begani, na anayependa kuupiga mapema kwenye kimo cha kiuno hulazimika kubadilisha hesabu zake zote. Baada ya hapo, Miami, anakuta unyevu mwingi, hewa nzito na mpira unaovimba manyoya. Wanawake walioshinda mashindano yote mawili katika mwaka mmoja ni wachache sana: hadi mwaka 2022 walikuwa Steffi Graf, aliyefanya hivyo mara mbili, Kim Clijsters, Victoria Azarenka na Iga Świątek.

Mipira nayo ina mchango wake. Kanuni zinaruhusu mpira wenye uzito wa kati ya gramu 56.0 na 59.4, lakini unene wa manyoya na namna yanavyochakaa kwenye uso mkali hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwa miaka mingi US Open iliwapa wanawake mipira yenye manyoya membamba kuliko ile ya wanaume kwenye viwanja vile vile, jambo lililolalamikiwa na baadhi ya wachezaji hadi likabadilishwa mwaka 2023. Kwa kawaida mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za kwanza (mechi huundwa na seti, na seti huundwa na gemu), kwa kuwa ile ya mwanzo imetumika pia kupasha misuli moto, na kisha kila baada ya gemu tisa. Mpira mpya ni mwepesi kwenda na humsaidia mpiga sevu, na ndiyo maana mchezaji anayeanza gemu kwa mipira mipya huuinua mmoja kumwonyesha mpinzani. Ukiona ishara hiyo matokeo yakiwa manne kwa manne, kaa sawa.

Vipimo vya uwanja havibadiliki: urefu wa mita 23.77, upana wa mita 8.23 kwa mechi za mmoja mmoja, na wavu wenye kimo cha mita 0.914 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Tofauti hiyo ya kimo cha wavu ndiyo inayoufanya mpira wa kona hadi kona kuwa salama zaidi kuliko ule wa kunyoosha kando ya mstari.

Hatua ya nne: Panga muda wako kwa kutumia ratiba ya siku

Ratiba ya mechi za siku hutolewa jioni ya siku iliyotangulia. Mechi ya kwanza ya kila uwanja ndiyo pekee yenye saa ya uhakika, na zinazofuata huanza baada ya ile iliyo mbele kumalizika. Baadhi huandikiwa kwamba hazitaanza kabla ya saa fulani, na hizo ndizo rahisi kupangia. Kumbuka kwamba saa zinazoandikwa ni za mji wa mashindano na zimehesabiwa kwa mtindo wa kimataifa. Badilisha kwanza tofauti ya majira kati ya mji huo na kwako, kisha ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili. Anayechanganya mambo hayo mawili kwa pamoja hukosea kwa urahisi.

Mechi ya wanawake huchezwa kwa seti mbili zinazoshinda kati ya tatu, hata kwenye Grand Slam. Inaweza kumalizika kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu au ikapita saa tatu. Kwa hiyo kama mechi unayoitaka ni ya tatu kwenye uwanja wake, anza kuangalia matokeo ya mechi ya pili inapoingia seti ya pili.

Angalia vilevile ni nani aliyepangiwa usiku. Tangu Januari 2024 mashindano ya WTA yana kanuni ya kutoanzisha mechi baada ya saa tano usiku kwa saa za mahali, isipokuwa kwa idhini maalumu, lakini hata mechi iliyoanza saa nne inaweza kumlaza mchezaji alfajiri baada ya matibabu, chakula na mazungumzo na waandishi. Akipangiwa mchana siku inayofuata katika mashindano ya wiki moja, amekwishaanza na deni.

Hatua ya tano: Tazama anga kabla ya kumtazama mchezaji

Neno "nje" ndilo linalobeba uzito katika mashindano haya. Jua kali huchemsha uso wa uwanja, na joto linalopanda kutoka chini humchosha mchezaji pamoja na lile la jua. Joto pia huufanya mpira ukimbie na kuruka zaidi, kwa hiyo mpiga mipira mikali hufurahia mchana, huku mchezaji wa kujihami akipendelea usiku, mpira unapopoa, kupungua kasi na kudunda chini. Wachezaji wawili wale wale wanaweza kutoa mechi mbili tofauti kabisa kutegemea kama wamepangiwa saa saba mchana au saa mbili usiku.

Tenisi ya wanawake ina kanuni ya joto tangu mwaka 1992: kiwango kilichowekwa kikipitwa, wachezaji wanaweza kupumzika dakika kumi kati ya seti ya pili na ya tatu. Australian Open ina kipimo chake cha ngazi moja hadi tano kilichoanza kutumika mwaka 2019. Kikifika nne, mapumziko hayo huruhusiwa, na kikifika tano mchezo husimamishwa. Usiondoke mbele ya runinga wakati wa mapumziko hayo ukidhani hayana maana. Aliyeshinda seti ya pili kwa kasi anaweza kurudi amepoa, na aliyekuwa akizidiwa hurudi akiwa mtu mwingine.

Upepo ni mgumu zaidi kuusoma kwenye skrini. Tazama bendera, nguo za wachezaji na hasa urushaji wa mpira wakati wa sevu. Mchezaji anayeurusha mpira juu sana huteseka, naye huonekana akiukamata na kuanza upya. Kwa kuwa wachezaji hubadilishana upande baada ya kila gemu ya namba witiri, utagundua baada ya muda mfupi kwamba upande mmoja unashinda gemu nyingi kuliko mwingine. Ukishaligundua hilo, gemu iliyopotezwa upande wa kukabili upepo haitakushtua tena.

Kivuli cha paa la jukwaa, ambacho hukata uwanja katikati alasiri, humlazimisha mpokeaji kuutafuta mpira unaotoka kwenye mwanga kuingia gizani. Mvua, kwa upande wake, haijadiliwi: uso wa akriliki ukilowa kidogo huteleza, mistari ikiwa ya kwanza, na mchezo husimama mara moja. Viwanja vikuu vya Melbourne na New York vina mapaa yanayofungwa, na paa likifungwa mashindano ya nje huwa ya ndani kwa muda. Hilo lilitokea mapema sana katika historia ya Melbourne Park, katika fainali ya mwaka 1988 kati ya Steffi Graf na Chris Evert, ambapo mvua ilikatiza mchezo na paa likafungwa kabla ya Graf kushinda. Upepo na jua vikiondolewa, anayenufaika zaidi kwa kawaida ni mwenye sevu kubwa na mipigo bapa.

Hatua ya sita: Tazama sevu ya pili na mapokezi yake

Hapa ndipo penye kiini cha tenisi ya wanawake kwenye viwanja vigumu, na mtazamaji mwenye muda mchache anaweza kuziacha hatua nyingine zote akashika hii peke yake.

Kila pointi huanza kwa sevu, na anayepiga ana nafasi mbili. Ya kwanza hupigwa kwa nguvu. Ikikosa, ya pili lazima iingie, na kwa hiyo hupunguzwa kasi na kuongezewa mzunguko. Uwanja mgumu hutoa mdundo unaotabirika kuliko nyasi au udongo, kwa hiyo sevu ya pili iliyo dhaifu humfikia mpokeaji kwenye kimo kile kile anachokitaka, na wachezaji wa kiwango cha juu huiadhibu mara moja. Matokeo yake ni kwamba kuvunja sevu ya mpinzani, yaani kushinda gemu ambayo yeye ndiye anayepiga sevu, ni jambo la kawaida zaidi katika mechi za wanawake kuliko za wanaume. Mtazamaji aliyezoea tenisi ya wanaume huona mchezaji amevunjwa sevu na kudhani seti imekwisha, ilhali gemu inayofuata inaweza kurudisha mambo yalipokuwa.

Fanya hivi katika gemu nne za mwanzo. Usitazame mpira, mtazame mpokeaji kabla sevu ya pili haijapigwa. Je, amesogea ndani ya mstari wa nyuma? Amehamia kushoto ili aupige kwa forihendi, yaani kwa upande wa mkono anaoshikia raketi? Akisogea na asiadhibiwe, ametambua udhaifu, na utaona akirudia pale pale zitakapofika pointi kubwa. Kisha mtazame mpiga sevu akiwa nyuma kwa thelathini kwa arobaini: je, sevu yake ya pili inabaki na kasi yake, au inapungua na kuelekea mahali pale pale kila mara? Kosa la sevu mbili katika pointi kama hiyo mara nyingi linasababishwa na mpokeaji aliyesimama karibu, ingawa takwimu huliandika kwa jina la mpiga sevu peke yake.

Usikubali pia dhana kwamba viwanja vigumu ni vya wenye nguvu tu. Ni kweli kwamba Naomi Osaka alishinda Grand Slam zake nne zote kwenye viwanja hivi, mbili Melbourne na mbili New York, na kwamba Aryna Sabalenka naye alifanya vivyo hivyo kati ya mwaka 2023 na 2025, wote wakitegemea sevu na mipigo mizito. Lakini mwaka 2016 Angelique Kerber alishinda Australian Open na US Open kwa miguu, mkono wa kushoto na uwezo wa kugeuza kujihami kuwa shambulio kwa mpigo mmoja, na akafika nafasi ya kwanza duniani. Katika raundi ya kwanza kabisa ya Melbourne mwaka huo alikuwa pointi moja kutoka kutolewa. Waliosubiri nusu fainali hawakuiona.

Seti ikifika sita kwa sita huchezwa taibreki, gemu maalumu ya kuiamua seti, ya pointi saba kwa tofauti ya pointi mbili. Katika Grand Slam, tangu mwaka 2022, taibreki ya seti ya mwisho huenda hadi pointi kumi. Tofauti hiyo inabadilisha mbinu: kwenye pointi saba, kupoteza sevu mbili za mwanzo karibu kunamaliza mambo, ilhali kwenye kumi bado kuna nafasi ya kurudi.

Hatua ya saba: Tumia takwimu chache

Programu za matokeo kwenye simu hutoa takwimu nyingi kuliko mtu anavyohitaji. Tatu zinatosha. Ya kwanza ni asilimia ya sevu za kwanza zilizoingia. Ikishuka chini ya nusu, mchezaji anaishi kwa sevu ya pili. Ya pili ni asilimia ya pointi alizoshinda kwa sevu ya pili. Anayeshinda nusu yake yuko katika hali nzuri. Ya tatu ni idadi ya nafasi za kuvunja sevu alizotengeneza, ambayo nitaipa uzito zaidi ya idadi alizozitumia, kwa sababu anayetengeneza nyingi raundi baada ya raundi anapokea vizuri, na ubora wa kupokea hudumu kuliko bahati ya pointi moja. Idadi ya sevu zisizoguswa huvutia macho lakini haielezi mengi.

Linganisha takwimu hizo kutoka mechi moja hadi nyingine kwa mchezaji yule yule. Asilimia ya sevu ya kwanza inayoshuka kwa raundi tatu mfululizo huku akiendelea kushinda ni dalili ya bega lililochoka au mgongo unaouma, na mpinzani wa robo fainali atakuwa ameiona pia.

Hatua ya nane: Elewa visimamo na maamuzi

Kati ya pointi kuna sekunde 25, wakati wa kubadilishana upande sekunde 90, na kati ya seti sekunde 120. Mchezaji aliyeumia hupewa dakika tatu za matibabu baada ya kukaguliwa. Kocha anaruhusiwa kutoa maelekezo mafupi akiwa jukwaani, kwa hiyo macho ya mchezaji kuelekea upande wa benchi lake si kosa tena.

Maamuzi ya mistari sasa hufanywa na kamera katika mashindano makubwa ya viwanja vigumu. Teknolojia hiyo ilianza kutumika kwa rufaa za wachezaji huko Miami mwaka 2006, na Australian Open ya mwaka 2021 ikawa Grand Slam ya kwanza kuitumia kwenye viwanja vyote bila waamuzi wa mistari. Sauti unayoisikia ikisema mpira umetoka imerekodiwa.

Hatua ya tisa: Fuatilia hesabu za pointi baada ya fainali

Orodha ya ubora ya WTA hujumlisha pointi za wiki 52 zilizopita, ikihesabu matokeo bora ya mchezaji hadi mashindano 18. Pointi za mwaka jana huondoka mashindano yale yale yanapochezwa tena. Bingwa wa mwaka jana wa WTA 1000 anayetolewa robo fainali mwaka huu hupoteza 1000 na kupata 215, yaani anashuka kwa pointi 785 baada ya wiki ambayo gazeti linaweza kuieleza kuwa nzuri. Anayefika nusu fainali ya WTA 500 bila kuwa na cha kutetea huongeza 195 safi, na hizo zinaweza kumwingiza kati ya vinara 32 wa Grand Slam inayofuata, ambako hatakutana na kinara mwingine kabla ya raundi ya tatu.

Kwa hiyo, kombe likishakabidhiwa, fungua orodha mpya siku ya Jumatatu, tafuta wachezaji waliokuwa katika ile robo ya droo uliyoichagua, na uandike nani amepanda, nani ana pointi nyingi za kutetea wiki nne zijazo, na ni mashindano gani yanayofuata kwenye uso wa aina hiyo hiyo. Usichelewe, kwa kuwa mara nyingi mchujo wake unakuwa umeshaanza fainali ya mji mwingine ikiwa bado inachezwa.